Siku nne Lisbon: mume hataki kumwona Vasco da Gama, naomba ushauri

Bi Mkwakwani | 14 Januari 2024

Wakuu habari za jioni.

Mimi ni mwana wa Tanga, nesi, nipo Birmingham mwaka wa sita huu. Mwezi wa nne nina likizo ambayo nisipoitumia inaungua, na mume wangu naye kapata ruhusa. Tunataka kutoka Alhamisi tarehe 25 Aprili, turudi Jumapili usiku tarehe 28. Shida yetu ni mji wa kale, chakula kizuri, na kutembea bila kukimbizana. Paris tulienda, mvua ikatushika siku zote tatu, sina hamu nayo tena. Roma bei ya ndege imetushinda. Imebaki Lisbon.

Sasa naulizia. Pasipoti zetu ni za Tanzania lakini tuna kadi za ukaazi wa Uingereza. Dada mmoja kazini ameniambia tunapita tu bila viza, ni kweli? Siku nne zinatosha? Na sisi Waislamu tutakula nini, maana nimeona picha za menyu, nguruwe kila mstari.

La mwisho msinicheke. Mume wangu ni mtu wa Pangani na ana ugomvi na Wareno. Kasema Ureno atakuja, lakini kama ni kupelekwa kwenye kaburi la Vasco da Gama yeye atabaki hotelini anaangalia mpira. Nami kila nikisoma kuhusu Lisbon naambiwa hilo kanisa lenye kaburi ndilo la kwanza kuona. Nifanyeje?

Kijogoo | 14 Januari 2024

Nimekaa siti ya mbele na bisi zangu. Hayo ya viza yatajibiwa, mimi nataka ugomvi wa Pangani na Wareno kwanza.

Mkata Tiketi | 14 Januari 2024

Dada, huyo mwenzako wa kazini asikupoteze. Kadi ya Uingereza inakufaa Uingereza. Ureno ni Schengen, zile nchi za Ulaya zenye viza moja, na pasipoti yetu inadai viza popote unapoishi, iwe Birmingham iwe Buguruni. Ada ni euro 80 kwa mtu mzima. Unaomba kwa Wareno wenyewe kwa kuwa huko ndiko unakolala siku zote. Usijaribu ujanja wa kuomba kwa nchi nyingine eti miadi inapatikana haraka. Mnaruhusiwa kuomba kuanzia miezi 6 kabla ya safari, mwisho siku 15 kabla. Bima ya safari iwe ya euro 30,000 kwenda juu, pasipoti iwe na uhai wa miezi mitatu zaidi ya siku ya kutoka Schengen, na kurasa mbili tupu.

Msikate tiketi isiyorudishwa kabla ya viza. Mwaka juzi mimi nilijifanya mjanja, nikanunua ya bei poa. Miadi nikapewa kwa kuchelewa, pasipoti ikarudi siku moja baada ya ndege kuondoka. Viza nzuri, imenata barabara, safari hakuna. Hadi leo nikiifungua hiyo pasipoti naona hasira.

Anzeni wiki hii. Pale ofisini watawauliza barua ya mwajiri na taarifa ya benki ya miezi mitatu. Hoteli wekeni ile ya kufuta bure.

Mzaramo wa Almada | 15 Januari 2024

Ninaishi ng'ambo ya mto, Almada, mwaka wa kumi na moja. Lisbon naiona dirishani kama mtu wa Kigamboni anavyoiona Posta.

Kabla ya yote: dada, tarehe hizo umezichagua kwa kujua, au ni bahati tu? 25 Aprili ni sikukuu ya taifa, siku wanajeshi walipoiangusha serikali ya kidikteta mwaka 1974. Mwaka huu inatimia miaka 50. Mji mzima utakuwa barabarani na maua mekundu kifuani. Vyumba vitapanda bei, kwa hiyo wekeni leo. Lakini hamtaiona Lisbon ikiwa vile tena.

Mkishuka uwanja wa ndege msichukue teksi. Metro inaingia hadi pale, njia nyekundu, mnabadilisha Alameda mnapanda ya kijani hadi Rossio au Baixa-Chiado. Nunueni ile kadi ya karatasi ya Navegante, senti 50, kila mtu na yake. Ya saa 24 inabeba metro, basi na tramu.

Mji umekaa juu ya vilima. Ramani itawaambia mita 400, haitawaambia kwamba mita 300 kati yake ni ngazi. Na njia za miguu zimetandikwa vijiwe vyeupe vya chokaa, vimesuguliwa na nyayo hadi vinang'aa. Mvua ikipita kidogo tu ni sabuni. Kama ulipanga kandambili zenye kisigino, ziache Birmingham.

Jambo la pili la kuelewa ni tetemeko. Asubuhi ya tarehe 1 Novemba 1755, Sikukuu ya Watakatifu Wote, watu wakiwa makanisani na mishumaa imewaka, ardhi ilitikisika. Waliokimbilia ufukweni wakakutana na mawimbi ya bahari, na walionusurika mawimbi wakakuta moto, ambao uliwaka kwa siku kadhaa. Ndiyo maana katikati ya mji, Baixa, mitaa imenyooka kama mistari ya daftari: Marquês de Pombal, waziri wa mfalme, aliijenga upya, na ndani ya kuta akaamuru ziwekwe fremu za mbao zilizofungwa kwa misalaba ili nyumba icheze isianguke. Alfama, kilima cha pembeni, ilinusurika kwa kiasi kikubwa. Mkitoka Baixa mkaingia Alfama mtadhani mmetoka Kariakoo mkaingia Mji Mkongwe: vichochoro, nguo zimeanikwa juu ya vichwa, bibi kakaa mlangoni. Hata jina ni la Kiarabu, al-hamma, la mzizi ule ule unaotupa hamamu. Waislamu walikuwa na mji huu hadi 1147.

Siku nne zinatosha. Belém, kwenye hilo kanisa lenye kaburi, mwende Ijumaa asubuhi na mapema, Alfama na ngome ya São Jorge iwe Jumamosi. Mengine nitarudi, zamu inaniita.

Binti Lamu | 15 Januari 2024

Nyongeza ndogo. Kila mtu atawaambia mpande tramu namba 28. Nami nilipanda. Nilisimama nimebanwa kama dagaa, nikashuka juu Graça nikiwa sina simu. Wezi wa ile tramu hawana haraka, wanavaa kama watalii na kamera shingoni. Kama lazima mpande, pandeni saa moja asubuhi kutokea Martim Moniz inakoanzia mpate viti. Vinginevyo itazameni ikipita, tena ndipo inapopendeza.

Kijogoo | 15 Januari 2024

Bado nasubiri ugomvi.

Shangazi wa Martim Moniz | 16 Januari 2024

Chakula niachieni mimi.

Mwanangu, Wareno wanapenda nguruwe hadi kwenye supu. Ile supu ya kijani, caldo verde, utaona ni mboga tu, kumbe kipande cha soseji kimelala chini. Bifana ni mkate wa nyama ya nguruwe. Neno la kujifunza ni "sem porco", bila nguruwe, na uliseme kabla hawajaandika. Lakini hawa ni watu wa bahari kama sisi. Kuna dagaa wakubwa wa kuchoma, wali wa kamba na chaza, na kuna polvo à lagareiro: pweza kachomwa, kaogeshwa mafuta ya zeituni na vitunguu saumu, pembeni viazi vilivyopondwa kwa ngumi. Mume wa Pangani akila huo pweza ugomvi utapungua.

Halali za nyama ziko Martim Moniz na mtaa wa Benformoso, Wabangladeshi wamejaa, biriani hadi usiku. Ijumaa mkitaka kuswali, msikiti mkuu uko karibu na Praça de Espanha, ulifunguliwa 1985. Mtasikia lafudhi za Msumbiji mle ndani, maana walioanzisha jumuiya hii wengi ni Wahindi waliotokea huko.

Halafu tahadhari ya mezani. Mkikaa tu, mhudumu analeta mkate, zeituni, jibini, hata hujaagiza. Sio takrima hiyo. Ukigusa unalipa. Hutaki, mwambie aondoe, hakuna atakayekununia.

Na msiogope lugha, nusu mnaijua. Meza ni mesa. Bendera ni bandeira, kopo ni copo, foronya ni fronha, parafujo ni parafuso. Leso ni lenço. Nilipofika hapa mara ya kwanza nilikwenda dukani kutafuta foronya nikaitaja kwa Kiswahili, nikapewa foronya.

Mzee wa Kivinje | 17 Januari 2024

Nimeusoma uzi wote, nimesubiri mtu aseme, naona hakuna. Basi nitasema mimi.

Mwambie mumeo asiende kwa Vasco da Gama kama hataki. Lakini akitoka Lisbon bila kwenda Makumbusho ya Taifa ya Sanaa za Kale, mtaa wa Janelas Verdes, atakuwa ameacha mali yake hajaitazama.

Mle ndani kuna monstransi, chombo ambacho Wakatoliki huwekea Ekaristi iabudiwe. Ni ya dhahabu yenye nakshi za rangi, chini ina ndege na maua, kati ina tufe za duara alama ya mfalme Manuel, juu mitume kumi na wawili wamepiga magoti. Wanaiita Custódia de Belém. Vitabu vya Ureno vinamtaja sonara Gil Vicente kuwa ndiye aliyeitengeneza, na Wareno wanaihesabu miongoni mwa hazina zao kuu.

Dhahabu hiyo ni ya Kilwa.

Mwaka 1502 Vasco da Gama alirudi Bahari ya Hindi mara ya pili, safari hii si mgeni wa kuomba rubani kama alivyofanya Malindi 1498. Alikuja na kundi la merikebu za kivita, akatia nanga mbele ya Kilwa, akamlazimisha mtawala alipe kodi ya kila mwaka kwa mfalme wa Ureno. Dhahabu ya kwanza ikafika Lisbon 1503. Mfalme akaamuru itengenezwe chombo hicho, kikakamilika 1506. Katikati hapo, 1505, Francisco de Almeida akaja na jeshi akaupora mji wa Kilwa na kuuchoma Mombasa. Kwa hiyo wakati sonara anagonga nyundo Lisbon, Kilwa yenyewe ilikuwa tayari imeshavunjwa.

Na dhahabu haikuchimbwa Kilwa, msinielewe vibaya. Ilitoka bara, huko Zimbabwe ya leo, ikashuka Sofala, na Sofala ilikuwa chini ya Kilwa. Utajiri ule ndio uliojenga jumba la Husuni Kubwa na ule msikiti wenye makuba, katika mji ambao Ibn Battuta aliufikia 1331 akausifu. Mimi nimezaliwa Kivinje. Tulikuwa tunavuka kwenda Kisiwani kucheza kwenye magofu, hakuna aliyetuambia kilichobaki kiko wapi.

Kijana wa Segerea | 17 Januari 2024

Mzee shikamoo. Kwa heshima zote, hizi si ndio zile hadithi za kijiwe cha kahawa? Kila kitu Ulaya ni dhahabu yetu. Wamejuaje ni ya Kilwa na dhahabu haina kabila?

Mzee wa Kivinje | 17 Januari 2024

Marahaba mwanangu. Wamejua kwa sababu waliandika wenyewe. Kwenye kitako cha chombo, kwa herufi za zamani, imeandikwa kwamba mfalme Dom Manuel aliamuru kitengenezwe kwa dhahabu ya kodi ya Kilwa, na mwaka. Jina la Kilwa wameliandika kwa Q. Nenda kasome.

Kijana wa Segerea | 17 Januari 2024

Dah. Nimeomba radhi.

Sharifu wa Muscat | 18 Januari 2024

Huku kwetu ngome zao mbili bado zimekaa mdomoni mwa bandari, Jalali na Mirani. Walitolewa 1650. Halafu Waomani wakawafuata hadi Mombasa, wakaizingira Fort Jesus tangu 1696 hadi 1698. Mwambie huyo bwana wa Pangani asijisikie mpweke.

Mwalimu Mstaafu | 19 Januari 2024

Nami nina langu kuhusu hiyo tarehe 25 Aprili, kwa sababu naona mnaizungumza kama sikukuu ya watu wengine.

Nilikulia Nachingwea. Tukiwa shule tulijua kuna kambi ya wapigania uhuru wa Msumbiji. Hatukuambiwa zaidi na hatukuuliza. FRELIMO ilizaliwa Dar es Salaam tarehe 25 Juni 1962. Rais wake wa kwanza, Eduardo Mondlane, aliuawa Dar hiyo hiyo Februari 3, 1969, kwa bomu lililofichwa ndani ya kitabu. Vita ilianza Septemba 1964, na Ureno wakati huo ilikuwa tayari inapigana Angola na Guinea Bissau. Nchi ndogo, maskini, inapeleka vijana wake kufa pande tatu za Afrika kwa miaka kumi na zaidi.

Walioipindua serikali ya Lisbon walikuwa maofisa wa kati waliochoka na vita hivyo. Waziri mkuu Marcelo Caetano alijifungia katika kambi ya walinzi iliyoko uwanja wa Carmo, Kapteni Salgueiro Maia akaizingira na magari ya deraya, jioni akasalimu amri. Watu wakachomeka maua kwenye mitutu ya bunduki. Septemba 7 mwaka ule mkataba ukasainiwa Lusaka, na Juni 25, 1975 Msumbiji ikawa huru.

Kwa hiyo ukisimama Largo do Carmo usisimame kama mtalii tu. Kilichotokea pale kilisukumwa kwa sehemu na vijana waliokuwa wanakula ugali wa Nachingwea. Na pembeni yake kuna kanisa la Carmo lililobomoka paa kwenye lile tetemeko, wakaliacha wazi hadi leo.

Hilo ua kwa Kireno ni cravo. Na karafuu nayo ni cravo. Rafiki yangu wa Pemba alikuwa akiyaita Mapinduzi ya Karafuu, hakuna aliyemweza.

Tule Tuvae | 20 Januari 2024

Sintra je? Treni kutoka Rossio dakika 40, kasri la Pena kama keki ya harusi.

Mzaramo wa Almada | 20 Januari 2024

Sintra inataka siku nzima, na wikendi ya sikukuu mtakaa foleni hadi mjute. Mimi kwa siku nne naiacha. Waje tena.

Nimekumbuka la mume. Kama tatizo ni kaburi la Vasco, mpeleke kwenye kaburi la Mwafrika. Eusébio, mchezaji mpira wa Ureno aliyezaliwa Msumbiji, amelazwa Panteão Nacional, jengo la makaburi ya watu wakubwa wa taifa, kule juu ya Alfama, alihamishiwa pale 2015. Ukishamaliza unashuka kwenye gulio la Feira da Ladra, liko hapo hapo Jumamosi.

Bi Mkwakwani | 20 Januari 2024

Mzaramo umegusa penyewe! Kijogoo chukua bisi zako. Ugomvi ni wa huyo huyo Eusébio. Baba mkwe wangu, Mungu amrehemu, alifuata Kombe la Dunia la 1966 kwenye redio. Ureno walikuwa wamefungwa tatu bila na Korea Kaskazini, Eusébio akafunga manne peke yake, wakashinda tano kwa tatu. Mzee hadi anakufa alisema yale mabao ni ya Msumbiji, Wareno walikopa na hawajarudisha. Mume kakua na deni hilo.

Kijogoo | 20 Januari 2024

Nimeridhika. Na deni limethibitika.

Mama Taarab | 21 Januari 2024

Usiku mmoja nendeni kwenye fado, Alfama au Mouraria. Msiende zile zenye vijana wa kuvuta watu mlangoni. Ni gitaa mbili na mtu mmoja anaimba maumivu yake kafumba macho. Ukisikia mara ya kwanza utasema huyu kafiwa. Sisi taarabu mtu akikugusa unainuka unamtunza, unamchomeka noti, unapiga vigelegele ijulikane nani kaambiwa. Kule taa zinazimwa, hata kijiko hakigongi sahani. Ukipiga kigelegele watakutoa. Nilikaa mikono nimeikalia.

Bi Mkwakwani | 5 Mei 2024

Wakuu nimerudi. Viza zilitoka siku ya kumi na mbili, Mkata Tiketi Mungu akuzidishie.

Tulifika Alhamisi mchana. Metro imejaa watu na maua, tukashuka Rossio na mabegi, mama mmoja mtu mzima akamchomeka mume wangu ua jekundu kwenye zipu ya koti bila hata salamu. Akabaki nalo hadi usiku. Kwenye Avenida da Liberdade sijawahi kuona umati vile, vikongwe wanalia, watoto juu ya mabega. Largo do Carmo hatukuweza hata kuingia, tulirudi Ijumaa jioni pametulia, nikamsomea mume bandiko la Mwalimu palepale kwenye benchi. Mwalimu, shikamoo.

Ijumaa asubuhi Belém. Foleni ya kuingia nyumba ya watawa ya Jerónimos ilishazunguka, lakini kanisa lina mlango wake na kuingia ni bure. Mume kasimama nje. Nikamwona anatazama kibao kimeandikwa "Igreja". Akasema kwa sauti, "Gereza! Hata wenyewe wanajua." Nikamweleza kwamba ndiyo kanisa kwa lugha yao, na sisi tumeipata kwao, wanasema ni kwa vile kanisa lao lilikuwa ndani ya ngome na ngome kama ile ya Mombasa ikaja kuwa jela. Akasema haoni kosa liko wapi. Nikaingia peke yangu. Da Gama yuko kushoto ukiingia, kalala juu ya jiwe mikono kaikutanisha. Alifia Kochi, India, 1524, mifupa ikaja kuletwa baadaye. Nilikaa dakika tatu hivi. Nguzo za kanisa hilo zimechongwa kama minazi, wallahi, ndizo nilizoziangalia zaidi.

Vile vikeki vya maziwa vya hapo jirani, wanavyooka tangu 1837, tulikula sita. Wawili. Mdalasini wanakupa mwenyewe unyunyize. Jumaa mume akaswali msikiti mkuu, akatoka na marafiki wawili wa Nampula na mwaliko wa chakula.

Jumamosi Panteão. Jengo ni kanisa la Santa Engrácia, lilianza karne ya 17 na kuba likaja kumalizika 1966, hadi wana msemo wa kazi zisizoisha kwa jina la kanisa hilo. Mume aliposikia 1966 akasema unaona, walikuwa wanamsubiri. Eusébio tukamwona, mume akasoma Fatiha ya baba yake, si ya Eusébio, akanifafanulia. Tukageuka, na pale ukumbini, wakuu, kuna kaburi jingine la heshima, tupu, halina mtu, limeandikwa Vasco da Gama. Nilicheka hadi mlinzi akaja. Mzaramo, ulijua!

Mkate wa mezani tuliula. Tuliambiwa na tukaula. Euro saba na nusu.

Jumapili ndiyo Janelas Verdes. Chombo kiko kwenye kabati la kioo, kidogo kuliko nilivyodhani, na kinang'aa kiasi kwamba picha haitoki. Mume akainama, akazunguka na kidole hewani akifuata herufi moja moja, hajui Kireno neno. Alipofika kwenye Q akasimama. Akasoma, "Qui-lu-a." Akarudia. Palikuwa na kundi la wazee wa Kifaransa na mwongozaji wao anaeleza nakshi. Mume akamgusa bega akamwambia kwa Kiingereza, samahani, hii dhahabu ni ya kwetu, saa kumi na mbili za basi kutoka kwangu. Mwongozaji akatafsiri. Wale wazee wakatutazama sisi badala ya kabati.

Mzee wa Kivinje, nimekupigia picha ya ile Q. Imetoka na ukungu kidogo, nitaituma.

Mzee wa Kivinje | 6 Mei 2024

Itume hivyo hivyo na ukungu wake.

Mkata Tiketi | 2 Desemba 2025

Naufukua uzi huu kwa wanaopanga sasa. Ada ya viza ilipanda kuwa euro 90 tangu Juni 2024. Kodi ya mji kwa kila usiku nayo imekuwa euro 4 kwa mtu, zamani ilikuwa 2. Tangu Oktoba 2025 mpakani mnachukuliwa alama za vidole na picha, mpange muda wa foleni. Mnara wa Belém ulifungwa kwa ukarabati mwaka huu wa 2025, na makumbusho kadhaa yalianza kukarabatiwa pia, angalieni tovuti ya kila moja kabla ya kutoka. Na ile reli ya kamba ya Glória ilipata ajali Septemba 3, watu 16 wakafa. Msiipange.

Tule Tuvae | 2 Desemba 2025

Bi Mkwakwani bado upo? Tramu 28 mlipanda hatimaye?

Bi Mkwakwani | 3 Desemba 2025

Nipo. Hatukupanda. Mume aligundua kivuko cha Cais do Sodré kwenda Cacilhas, dakika kumi tu majini, akasema mtu wa Pangani hawezi kuona kivuko akapanda tramu. Tulivuka mara nne. Mara ya tatu nahodha alishaanza kumsalimia.